Manuel García: Aliyepoteza Sauti, Akaja Kuiona

Vijitabu vya yubile huwa na ukurasa wa mtunzi. Katika vile tulivyopewa tulipoalikwa na kwaya nyingine, tangu Rabai hadi Malindi, tumesoma habari za Handel na Masihi wake, za Charles Wesley, na za Fanny Crosby aliyekuwa kipofu. Sisi wa kamati ya kijitabu hiki tulitaka kufuata desturi hiyo, lakini mwaka huu kwaya yetu imeshughulika sana na makoo. Mmoja wetu wa sauti ya kwanza amefanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti, na wengi wenu mlimwona wiki baada ya wiki ameketi benchi la mbele na daftari lake, akifuata nota kwa kidole bila kutoa hata mlio. Ameturuhusu tuseme hivyo, bila jina. Basi ukurasa wa mtunzi tumeupeleka kwa mtu ambaye hakuna wimbo wake hata mmoja tunaouimba.

Aliitwa Manuel García. Alizaliwa Uhispania tarehe 17 Machi 1805, akafariki London tarehe 1 Julai 1906, na ukihesabu utaona kwamba aliishi miaka 101. Hakuwa mchungaji wala daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba. Hata hivyo, daktari yeyote wa koo leo, hata yule anayekuingizia kamera nyembamba puani kule Mombasa, anapita njia iliyofunguliwa na mwalimu huyu.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya waimbaji watupu. Baba yake, ambaye naye aliitwa Manuel García, alikuwa mwimbaji wa teno aliyesifika Ulaya nzima, na Rossini alipotoa opera yake ya kinyozi wa Seville mwaka 1816, baba huyu ndiye aliyeimba nafasi ya kijana mpenzi. Mama alikuwa mwimbaji. Dada mmoja, Maria, alikuja kujulikana kama Malibran, na mwingine, Pauline, kama Viardot. Wote wawili walikuwa miongoni mwa sauti kubwa za karne yao. Baba alikuwa mwalimu mkali mno. Watoto wake waliimba walipotaka na waliimba wasipotaka, na walioandika habari za nyumba hiyo hawakuficha kwamba machozi yalikuwa sehemu ya mazoezi.

Mwaka 1825 baba alikusanya familia yake na waimbaji wengine wachache, wakapanda meli kwenda New York, ambako watu walikuwa hawajawahi kusikia opera ya Kiitaliano ikiimbwa kwa Kiitaliano. Walianza tarehe 29 Novemba na opera ileile ya kinyozi. Baba aliimba nafasi yake ya zamani, Maria akawa msichana anayependwa, mama naye alikuwa na nafasi yake, na Manuel, aliyekuwa na umri wa miaka 20, akawa kinyozi mwenyewe, nafasi inayodai sauti nzito, ulimi mwepesi na pumzi ya mbio. Katika msimu huo walitoa maonyesho karibu 80. Kundi lilikuwa dogo, kwa hiyo aliyechoka hakuwa na wa kumpokea.

Sauti ya kijana Manuel haikustahimili. Alipofika umri wa miaka 24 hivi aliachana na jukwaa, wala hakurudi tena. Walioandika maisha yake wanasema chanzo kilikuwa cha mbali zaidi ya safari ya Marekani: aliendelea kuimbishwa wakati sauti yake ya utotoni ilipokuwa ikivunjika kuwa ya kiume. Hapa tunaomba walimu wa kwaya za watoto na vijana wasimame kidogo. Huku kwetu mvulana wa miaka 13 au 14 akianza kukwaruza, mara nyingi tunamcheka, halafu tunamwambia akaze. Tunamhitaji kwenye mashindano, au tunamhitaji kwa sababu aliimba vizuri Krismasi iliyopita. Katika miezi hiyo kikoromeo chake kinakua na nyuzi zake zinarefuka, kwa hiyo anapolazimisha noti za juu alizozizoea anavuta uzi ambao haujajua urefu wake.

Kijana aliyelelewa ili aimbe, halafu akawa haimbi, hana pa kwenda. Mwaka 1830 García aliingia katika msafara wa jeshi la Ufaransa lililokwenda kuiteka Algiers. Hatumsifu kwa hilo. Ilikuwa vita ya kuchukua nchi ya watu, tena ya Waafrika wenzetu. Aliporudi alijiunga na hospitali za kijeshi, na huko akaanza kusoma tiba, hasa mambo ya koo. Alitaka kujua ni kitu gani hasa kilichoharibika ndani yake.

Mbinu zake za wakati huo zingewafurahisha watoto wetu wa shule. Alitafuta makoo ya wanyama waliochinjwa, ya kuku, ya kondoo, ya ng'ombe, akayatia mvukuto kwa chini na kuyapuliza. Koo lililokufa lililia. La ng'ombe lilitoa sauti ya ng'ombe na la kuku sauti ya kuku, ingawa mwenye koo alikuwa tayari ameliwa. Kwake hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu lilimwonyesha kwamba mlio unaanzia mahali padogo sana, kwenye mikunjo miwili ya nyama laini inayopitiwa na hewa. Kinywa, pua na kifua huja baadaye kuupamba na kuukuza.

Tueleze hapa kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuambiwa. Weka vidole viwili juu ya kikoromeo useme aaa. Utahisi kitu kikitetemeka. Humo ndani mna nyuzi mbili za sauti, zimelala kutoka mbele kwenda nyuma. Za mwanamke mzima hazifikii sentimita 2, za mwanamume hukaribia 2 au kuzidi kidogo. Tukipumua zinaachana. Tukiimba zinakutana, na hewa ya mapafu inazipenyeza, zinafunguka na kufunga upesi kupita macho. Kwaya inapotafuta ile la inayopigwa na uma wa chuma, sauti ya kwanza inazigonganisha nyuzi hizo mara 440 kwa sekunde moja. Wimbo wa dakika nne ukiwa wa noti za juu, hesabu mwenyewe.

García akaanza kufundisha mjini Paris, akiwa mwalimu wa aina mpya, aliyejua koo kama fundi anavyojua mashine. Mwaka 1840 aliwasilisha mbele ya chuo cha wanasayansi wa Ufaransa andiko lake juu ya sauti ya binadamu, nao wakalipokea kwa heshima. Mwaka uliofuata aliletewa tatizo ambalo andiko peke yake halikuweza kulitatua.

Aliyekuja ni Jenny Lind, msichana wa Stockholm, Uswidi, ambaye hata miaka 21 alikuwa hajatimiza. Nyumbani kwao alikuwa tayari nyota. Alikuwa kwenye jukwaa la kifalme tangu utotoni, na tangu mwaka 1838 aliimba nafasi kubwa usiku baada ya usiku, na msimu ulipofungwa alizunguka mikoani akiimba tena ili apate fedha. Watu walimpenda mno hata hakuna aliyemwambia apumzike. Alipowasili Paris mwaka 1841 sauti ilikuwa imekwaruzika, imechoka, noti za katikati hazisikiki vizuri. Alimwimbia García, na katikati ya wimbo sauti ikamwisha. García hakumbembeleza. Alimwambia kwamba hapakuwa na faida ya kumfundisha, maana sauti aliyotaka ifundishwe haikuwepo tena.

Msichana alilia, akasihi apewe ushauri wowote. García akampa sharti moja: kwa wiki sita asiimbe hata noti moja, na aongee kwa nadra kadiri iwezekanavyo. Baada ya hapo arudi asikilizwe upya. Hakumwahidi chochote.

Sisi tunaoimba tunajua uzito wa sharti hilo. Alikuwa peke yake katika mji wa ugeni, hana kazi nyingine duniani, na aliyemwambia anyamaze ni mtu ambaye sauti yake mwenyewe ilikufa isirudi. Jenny Lind alizitumia wiki hizo kujifunza Kifaransa kutoka vitabuni. Hatudhani kwamba García alikuwa katili. Tunadhani alikuwa anampa kile ambacho baba yake hakumpa yeye.

Wiki sita zilipotimia alirudi. García alisikia kwamba nyuzi zilikuwa zimepumzika, akamkubali awe mwanafunzi. Kisha yakaanza mazoezi ambayo mwimbaji maarufu angeweza kuyaona ni dharau: ngazi za do, re, mi, polepole, juu na chini, kwa sauti ndogo, kama mtoto wa shule ya Jumapili. Alimfundisha namna ya kuvuta pumzi, namna ya kuianza noti bila kuigonga, na namna ya kuunganisha sauti ya kifuani na ile ya kichwani pasiwe na ufa katikati. Ilichukua karibu miezi kumi. Mwaka 1842 Jenny Lind alirudi Stockholm na kuimba tena mbele ya watu waliomkosa, na kutoka hapo sauti yake ikaenda Berlin, London na Marekani.

Watu wanapoisimulia habari hii huishia hapo kwa shangwe. Sisi tunaongeza jambo moja ambalo waliomsikia kwa makini waliliandika. Noti zake za juu zilikuwa safi kama maji ya kisima kipya, lakini zile za katikati, palepale zilipoharibika, zilibaki na ukungu maisha yake yote. Hazikurudi kama zilivyokuwa. Alijifunza kuimba nazo, akizipitisha kwa ustadi hata wasikilizaji wengi wakadhani ukungu huo ni pambo. Mwenzetu aliyefanyiwa upasuaji alipoisoma sehemu hii kabla hatujachapisha, alituomba tusiifupishe.

Na kwa kuwa hiki ni kijitabu cha kwaya ya kanisa, yafaa mjue Jenny Lind aliitumiaje sauti hiyo. Mendelssohn aliifikiria sauti yake alipokuwa akitunga Eliya, na akafariki mwaka 1847 kabla ya kumsikia akiiimba. Mwezi Desemba 1848 Jenny Lind aliimba Eliya mjini London, na fedha zilizopatikana zikaanzisha mfuko wa kusomesha vijana wa muziki kwa jina la mtunzi huyo. Mwaka 1849, akiwa na miaka 28, aliiacha opera kabisa, akabaki na nyimbo za kawaida na za ibada. Sehemu kubwa ya fedha alizopata Marekani alizitoa sadaka, nyingine zikienda kwenye shule za Uswidi. Na mwaka 1876, kwaya ya Bach ilipoimba London chini ya mume wake, Otto Goldschmidt, yeye ndiye aliyewafunza wanawake wa sauti ya kwanza. Mwimbaji aliyeshangiliwa na malkia alirudi kuwa mwalimu wa sauti kwenye kwaya. Wako waimbaji mashuhuri ambao hawangekubali kukaa benchi hilo.

Turudi kwa García. Mwaka 1848 ghasia za mapinduzi zilipoikumba Paris alihamia London, akaanza kufundisha katika chuo cha kifalme cha muziki, ambako alidumu hadi mwaka 1895. Wanafunzi walimjia kutoka kila upande. Lakini swali lake la ujana lilikuwa halijajibiwa. Alijua nyuzi za sauti kwenye koo la maiti na kwenye koo la ng'ombe. Koo la mtu aliye hai, linaloimba, lilikuwa giza kwake na kwa kila daktari.

Giza hilo lilikuwaje? Chukueni mfano wa mtu ambaye jina lake linajulikana vizuri Afrika Mashariki, David Livingstone. Kuhubiri kulimuumiza koo kwa muda mrefu, na mwaka 1852 alipokuwa Cape Town alikatwa kimio. Huku Pwani kimio tunakijua, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na wapo wazee wetu waliokatwa utotoni kwa ajili ya kikohozi kisichokoma. Mganga wa kijijini na daktari wa Cape Town walifika mahali pamoja kwa sababu moja: ndipo macho yalipoishia. Ukimwambia mtu afungue kinywa aseme aaa, unaona kimio. Nyuzi za sauti ziko chini zaidi, njia inapokata kona kuelekea kwenye bomba la hewa. Wapo waliojaribu kuichungulia kona hiyo. Benjamin Babington wa London alitengeneza chombo chenye kioo mwaka 1829, lakini hakikushika.

Miaka miwili baada ya Livingstone kukatwa kimio, mwezi Septemba 1854, García alikuwa Paris likizoni. Alikuwa akitembea kwenye bustani ya Palais Royal siku ya jua kali, na jua likapiga vioo vya madirisha likamrudi machoni. Mwanga ulikuwa umekata kona. Papo hapo alijiona akiwa na vioo viwili mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwa Charrière, muuza vyombo vya upasuaji, akauliza kama kuna kioo kidogo chenye mpini mrefu. Kilikuwepo kimoja, cha madaktari wa meno, kilichopelekwa kwenye maonyesho makuu ya London ya mwaka 1851 kikakosa wanunuzi. Alikinunua kwa faranga 6.

Nyumbani alikipasha kioo hicho kwa maji ya moto ili pumzi isikitie ukungu, akakikausha, akakipeleka nyuma kabisa ya kinywa mpaka kikagusa kimio. Kwa mkono mwingine alishika kioo cha kawaida, akanasa jua na kulirusha ndani. Mtu mwingine angetapika. García koo lake lilikuwa tulivu, akatulia, akaangalia. Mbele yake lilikuwa tundu la koo lake mwenyewe, wazi, na nyuzi mbili zikiwa pande zake. Alipopumua ziliachana. Alipotoa sauti zilikuja pamoja. Zilezile zilizomwangusha akiwa na miaka 24 alizitazama sasa akiwa na miaka 49.

Inatupendeza kwamba aliyefanya hivyo hakuwa na maabara. Alihitaji kioo kilichokataliwa na wanunuzi, kioo cha kujitazamia na jua, na jua huku kwetu halikosekani.

Mwaka 1855 uchunguzi wake ulisomwa mbele ya jumuiya ya kifalme ya wanasayansi London. Aliandika kama mwalimu anayewaandikia walimu, juu ya namna noti zinavyotengenezwa. Madaktari wengi hawakujali. Labda waliona mwalimu wa muziki hana la kuwafundisha. Miaka michache baadaye Ludwig Türck wa Vienna na Johann Czermak walianza kutumia vioo hivyo kwa wagonjwa. Czermak akaweka taa mahali pa jua, ili koo liweze kutazamwa hata siku ya mawingu. Wawili hao waligombania sana nani awe wa kwanza. García hakuingia kwenye ugomvi huo, na mwaka 1862 chuo kikuu cha Königsberg kikampa udaktari wa heshima.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Kilichoonekana kiliweza kushikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, Victor von Bruns, mpasuaji wa Tübingen, Ujerumani, alimtoa ndugu yake mwenyewe kinyama kilichoota kwenye uzi wa sauti, akipitisha chombo kinywani na kuongozwa na kioo, bila kuikata shingo. Dawa ya ganzi ya koo haikuwepo. Ilipatikana mwaka 1884. Fikirini ndugu wawili hao, mmoja ameketi kinywa wazi, mwingine ana kisu kirefu mkononi na anaona kila kitu kinyumenyume kwenye kioo. Baada ya hapo upasuaji wa nyuzi za sauti ukawa kazi ya kila siku katika miji mikubwa.

Leo mgonjwa hulazwa usingizi, na daktari hutazama kwa darubini. Lakini baada ya kisu, masharti yanafanana mno na yale ya mwaka 1841. Mgonjwa hunyamaza kwa siku kadhaa, pengine wiki, kadiri daktari wake atakavyoamua. Wengi hukatazwa hata kunong'ona, kwa sababu mnong'ono nao huweza kukaza koo. Kisha huanza maneno machache kwa siku, halafu mlio mdogo, halafu ngazi fupi za do, re, mi. Vinundu vile vinavyotokea kwa waimbaji, walimu, wahubiri na makanga wa matatu kwa sababu ya kupaza sauti kila siku mara nyingi hupungua kwa mapumziko na mazoezi tu, mtu akiwahi, na kisu kisihitajike kabisa. Madaktari huomba kwamba sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, mtu aende akatazamwe. Sisi tuna desturi ya kutafuna tangawizi na kuendelea. Tangawizi haiishi utamu, ila inapita njia ya chakula. Nyuzi za sauti ziko njia ya hewa.

Na tukiwa hapo, tuseme lililo mioyoni mwetu. Kwaya nyingi za Pwani tunaimba Ijumaa usiku kwenye matanga, Jumamosi uwanjani kwenye mkutano wa injili, vumbi la kaskazi likivuma na spika zikilia kiasi kwamba husikii sauti yako mwenyewe, na Jumapili asubuhi tupo madhabahuni. Anayesema amechoka tunamwona amepoa kiroho. Mwimbaji mmoja akinyamaza, sauti nzima ya kwanza inamtazama. Hivyo ndivyo kundi la García lilivyokuwa New York, hakuna wa kumpokea mwenzake.

García mwenyewe aliona mafundisho yake yakipotoshwa. Alikuwa amefundisha kwamba noti ianze kwa nyuzi kukutana sawasawa, kwa wepesi, bila pumzi kuvuja. Wengine wakaelewa kwamba noti ipigwe kooni kwa nguvu, na wakawaumiza wanafunzi kwa jina lake. Alitumia miaka mingi kueleza tena jambo lilelile. Tunamwelewa, mwalimu wetu naye akisema tuimbe kwa nguvu za pumzi, nusu ya besi husikia neno nguvu peke yake.

Aliendelea kufundisha chuoni hadi alipokuwa na miaka 90. Kati ya wanafunzi wake Mathilde Marchesi alikuja kumfundisha Nellie Melba, na Charles Santley akawa baritoni wa Eliya na Masihi aliyependwa sana Uingereza. Dada yake Maria alikuwa amefariki zamani, mwaka 1836, akiwa na miaka 28. Alianguka kutoka kwenye farasi, akakataa kupumzika, akaendelea kuimba mpaka alipoanguka Manchester. Jenny Lind naye alitangulia, mwaka 1887. Mwalimu aliwazika wengi wa wanafunzi wake.

Tarehe 17 Machi 1905 alitimiza miaka 100, na London ikamfanyia sherehe. Walikuja wanamuziki, na walikuja madaktari wa koo kutoka nchi nyingi, watu wazima wenye ndevu nyeupe waliojifunza kazi yao kwa kioo chake. Mfalme Edward VII alimpa nishani, mfalme wa Uhispania akampa nyingine, na kaizari wa Ujerumani akampa medali ya dhahabu. Mchoraji John Singer Sargent alimchora, mzee mwembamba, mnyoofu, mwenye macho makali, na picha hiyo leo iko katika makumbusho ya Providence, Marekani. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye alifariki nyumbani kwake London.

Kioo kidogo chenye mpini mrefu bado kipo kwenye vyumba vya madaktari wa koo, pamoja na kamera. Kabla ya kukitumia hukipasha moto kwanza.